Miguu Yako Haikuingia

Mzee wangu,

Shikamoo. Bado nasita kidogo kila nikikuamkia moyoni, nikiisubiri ile marahaba yako ya kuvuta. Leo sitaisubiri. Nina maneno mengi ya kukuambia na mengi yake ni mabaya.

Nimetandaza mkeka sakafuni hapa Nzuguni, na juu yake nimepanga vyombo vyote vya kazi, vyako na vyangu. Kesho naenda Hombolo, kisha Chemba, kisha Kondoa nyumbani kwetu. Ni ile safari yako ya kila baada ya mavuno, ya kuwapiga wazee picha majumbani kwao. Mara ya kwanza naifanya peke yangu. Kwa hiyo nachagua cha kubeba na cha kuacha, na nimekaa hapa tangu asubuhi kama mtu anayechambua mchele, natoa, narudisha, natoa tena.

Upande wa kushoto amelala ndama. Sijui kama uliwahi kujua kwamba jina hilo lilikuwa linanikera. Begi ni begi. Wewe ukalipa jina la mtoto wa ng'ombe kwa sababu, ulisema, ulipokuwa mdogo kule Hombolo uliwahi kubeba ndama mchanga begani kutoka malishoni hadi nyumbani, na uzito ulikuwa huohuo. Kamera mbili kubwa, lenzi tatu, flashi iliyofungwa plasta, stendi ya chuma, mwavuli, kitambaa cha buluu cha picha za pasipoti, na ule mfuko wa betri ambazo nusu yake zilikuwa zimekufa na hukutaka kuzitupa. Bega lako la kulia lilishuka, likabaki limeshuka. Fundi cherehani wa Ipagala alikuwa anakushonea mashati bega moja chini kuliko lingine, na wala hakuwa anakuuliza.

Upande wa kulia ni vya kwangu. Kamera ndogo inayoenea kiganjani. Lenzi moja, milimita hamsini. Nyepesi, safi, inafanya nyuma ya mtu pawe laini kama maziwa. Hiyo hamsini ndiyo ninayotaka kukueleza habari zake, ingawa nimejizungusha mpaka hapa ili nisiifikie.

Acha nizunguke kidogo tena. Kibanda chetu cha picha bado kipo. Wateja wa pasipoti wanakuja, na wanafunzi wa vyuo wanaotaka picha za haraka, na wapo wanaouliza kama Bwana Picha yuko safarini. Wa kwanza nilimwambia ukweli, akakaa kwenye benchi letu akalia mpaka nikashindwa kufanya kazi. Waliofuata niliwaambia ndiyo, yuko safarini. Ule ufa wa ukutani uliokuwa unauficha kwa kalenda umefika chini. Kiti chako sikikalii. Si kwa heshima sana, ni kwamba kimelegea upande wa bega lako, nikikikalia nahisi nitaanguka.

Unakumbuka wiki yangu ya kwanza, kule Chemba? Nilimpiga bibi mmoja mbele ya nyumba yake, nikamkatia magotini. Niliipenda mno picha ile. Uso umejaa mwanga, mikono imekunjwa, nikajiona nimeshakuwa fundi. Tulipompelekea, bibi aliishika, akaitazama, kisha akaigeuza kuona kama miguu iko upande wa nyuma. Aliigeuza kweli, wala hakuwa anafanya mzaha. Akauliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mbona mmenikata?" Mimi nilicheka. Wewe hukucheka. Ulimwomba radhi kana kwamba ni wewe uliyemkata, ukamsimamisha tena palepale, ukanipigisha magoti nimfunge bibi kamba za makubazi yake kabla ya kupiga.

Njiani ulisema neno moja tu: "Mtu ana miguu." Baadaye sana, tukiwa tumeshafika kwenye chai, ukaongeza kwamba watoto watakaomzika wataitaka yote.

Ndiyo maana ulibeba ile lenzi pana, nzito kama jiwe la kusagia. Nyumba za watu ni ndogo, mzee mgonjwa hawezi kutoka nje, na wewe huwezi kubomoa ukuta ili urudi nyuma. Ulinieleza mara mia. Mimi nilikuwa nimeshasikiliza watu wa mtandaoni, wale wanaosafiri dunia nzima na begi dogo kiunoni, wanaosema lenzi moja inatosha, hamsini inaona kama jicho la binadamu. Hawakudanganya. Ila walikuwa wanazungumzia kamera kubwa. Kwenye mashine ndogo kama yangu hamsini inabana, inamvuta mtu karibu, inakuwa kama unamchungulia kwenye tundu la ufunguo. Jambo hilo ningelijua siku ya kwanza kama ningekuuliza. Sikukuuliza kwa sababu nilikuwa nakufundisha wewe.

Nilikufundisha sana, Mzee. Nilikuambia ndama ni uzee tu, kwamba kila kilichomo ndani yake ni mazoea. Nilikuambia begi lile litakuua. Hilo la mwisho silirudishi nyuma. Kidonda kilianza na kiatu, kiatu kilisugua kwa sababu ya ule uzito kwenye njia ya mchanga, na hukukisikia kwa sababu sukari ilikuwa imeshakula hisia zako za unyayo. Ulitembea na kidonda siku nzima ukidhani ni jasho. Kuhusu mgongo na miguu yako nilikuwa na haki mimi. Kuhusu lenzi ulikuwa na haki wewe. Natamani ingekuwa kinyume chake.

Sasa nafika.

Madaktari walisema mguu wa kulia ukatwe chini ya goti, na siku ikapangwa. Siku moja kabla, mchana, ulimtuma mkeo aniite. Mama Eliza alisema tu, mzee anataka picha. Nikaja nyumbani kwenu Ipagala na begi langu dogo kiunoni, natabasamu ovyo, kwa sababu sikujua uso wa kuja nao. Ulikuwa umekaa ukingoni mwa kitanda, suti ya kahawia, tai, suruali imepigwa pasi mpaka mkunjo unasimama. Mguu wa kushoto una kiatu kilichong'arishwa. Wa kulia Mama Eliza alikuwa ameufunga kitambaa cheupe kipya juu ya bandeji, akauweka vizuri sambamba na mwenzake. Miguu yote miwili sakafuni. Ulikuwa umeipanga.

Ukasema, "Nipige mzima, mwanangu. Kesho sitakuwa mzima tena."

Nilirudi nyuma hatua moja, ya pili ikakataa. Kitasa cha kabati kilinichoma mgongoni. Nilitazama ndani ya kamera, nikaona kichwa chako hadi chini kidogo ya magoti. Nikaigeuza kamera, nikachuchumaa, nikajipinda. Nikipata miguu nakosa uso. Mlango ulikuwa pembeni, haukunisaidia. Nilitoka jasho. Ndama alikuwa chini ya kitanda hichohicho, mkanda wake umetokeza karibu na kisigino chako, na ndani yake ile lenzi pana. Ningeinama tu nikauvuta. Ningeomba watu wakutoe uani na kiti chako. Hata simu ilikuwa mfukoni.

Lakini kuuvuta ule mkanda mbele yako kulikuwa ni kukubali, na wiki hiyohiyo nilikuwa nimekuambia kila kilichomo mle ni mazoea. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena.

Ukauliza, kama ulivyonifundisha wateja wanavyouliza, "Miguu imeingia?"

Nikasema, "Imeingia, Mzee."

Ukashusha pumzi. Ukalegeza tai. Ukasema, "Haya. Sasa wakate."

Nimeandika sentensi hiyo nikaenda kunawa uso, nimerudi.

Walikata. Hospitali iliuliza kama familia inauchukua mguu au waushughulikie wao, na shemeji yako akasema mguu wa Bwana Picha hauchomwi kama taka. Akaubeba hadi Hombolo, akauzika pembeni ya shamba lenu la zabibu. Uliposikia ulisema umetangulia kukushikia nafasi, ukatuchekesha wodini. Siku ya tisa ukaufuata. Tulikuzika karibu nao lakini si pamoja nao. Wazee walisema kilichozikwa hakifukuliwi. Kwa hiyo uko mahali pawili, kilima kikubwa na kilima kidogo.

Kwenye mazishi picha yako ilibebwa mbele ya jeneza. Nilikuwa nimeikata mwenyewe kifuani, kama picha zote za misiba zinavyokatwa, na hakuna aliyeona kitu. Watu walinisifu. Walisema umetoka vizuri, tai imekaa sawa. Nilijibu asante.

Tatizo ni kwamba ulimwambia mkeo. Kwenye gari, mkienda hospitali, ulimwambia hivi kunihusu: "Zaina kanipiga mzima, miguu yote miwili, wakinikata hawatanikata kwenye picha." Kwa hiyo msiba ulipoisha Mama Eliza akaniita jikoni, akaniomba ile nzima. Nami nikamjibu kwa neno letu la kazi: "Bado haijasafishwa, mama."

Neno hilo, Mzee. Siku hizi hakuna kinachosafishwa. Picha inatoka kwenye mashine kabla mteja hajamaliza soda. Lakini yeye amekuwa mke wako tangu enzi za filamu, za kupeleka mkanda Dar es Salaam na kusubiri mwezi, na akaona ni jambo la kawaida. Alisubiri. Kila nikipita Ipagala anauliza kwa upole kama wameshasafisha, nami nasema bado. Alihamisha saa ya ukutani sebuleni, akapigilia msumari mahali pake. Miezi mitano nimekuwa nikikaa chini ya msumari mtupu, nakunywa chai yake, nasema bado.

Mwezi uliopita nilikwenda kule Hombolo na shemeji yako. Kilima kidogo kilikuwa kimeshuka. Mvua ilikuwa imekilamba, na ilibidi anionyeshe kwa fimbo kilipo. Nikajua kwamba kikishatoweka, hakutakuwa na mahali popote duniani ambapo wewe ni mzima, na kwenye picha huo mguu haumo, na mwanamke yule atakufa anasubiri kitu ambacho hakipo.

Wiki iliyopita nilimpelekea. Niliichapa yote, bila kukata zaidi, kubwa, nikaiweka mezani mbele yake. Alivaa miwani. Alianza juu, akaweka kidole kwenye paji lako la uso, akashuka nacho taratibu. Pua, tai, vifungo, mikono, magoti. Kidole kikafika mwisho wa karatasi, kikaendelea kwenye kitambaa cha meza, pale ambapo miguu ingekuwa. Kisha akaishika picha akaigeuza.

Aliigeuza, Mzee. Kama yule bibi wa Chemba.

Nikamwambia yote. Kitasa cha kabati, mkanda wa ndama, swali lako na jibu langu, na kwamba hapakuwa na cha kusafishwa tangu mwanzo. Hakulia. Alivua miwani akaifuta kwa khanga, muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. Akasema, bila ukali wowote, "Kumbe walioanza kumkata sio madaktari."



Nilipoinuka kuondoka ndipo akasema nisubiri. Akasema, "Nenda kampige upya. Hukohuko aliko. Nataka mzima, Zaina, na safari hii nione mwenyewe." Nilidhani uchungu umemchanganya. Nilifika barabarani ndipo nikaelewa anataka nini.

Kwa hiyo mkeka huu. Simbebi ndama, nisamehe, au usinisamehe, lakini simbebi. Nabeba kamera yangu ndogo na lenzi nyingine niliyoitafuta mwezi mzima, milimita kumi na sita, nyembamba kama kifuniko cha chupa ya asali. Inaona karibu sawa na lile jiwe lako la kusagia. Betri mbili, zote nzima. Kitambaa chako cha buluu, hicho kinakunjika. Na printa ndogo ya kuchapia palepale, isije ikatokea mtu mwingine nikamwambia bado. Vyote vinaingia kwenye begi la kiunoni. Hamsini nimeitumbukiza ndani ya ndama, ikae na zile betri zako zilizokufa.

Naacha hapa. Nitamalizia nikirudi.

*

Nimerudi.

Nilifika Hombolo jua likiwa bado upande mmoja. Shemeji yako aliniongoza hadi mwisho wa mistari ya mizabibu. Kabla ya kutoa kamera nilipiga magoti, nikang'oa magugu kwenye kilima kidogo kwa mikono, nikakusanya udongo uliosombwa nikaurudisha, nikaupigapiga ukashika umbo. Nilikumbuka kamba za makubazi. Shemeji alisimama pembeni, kisha naye akainama akaleta udongo kwa kofia yake.

Halafu nikarudi nyuma. Hatua moja, ya pili, na ua wa miiba ukanichoma mgongoni, palepale kitasa cha kabati kiliponichoma. Nusura nicheke. Pale hamsini ingemeza kilima kikubwa na msalaba basi. Kumi na sita iliona vyote. Nilishusha kamera usawa wa tumbo kama ulivyonifundisha, nikainyoosha isiiname, nikakiweka kilima kidogo mbali na ukingo wa picha ili kisivutike kikawa kirefu. Nikapiga moja tu.

Shemeji akauliza kama imeingia. Sikumjibu kwa mdomo. Niliigeuza kamera nikampa atazame.

Niliichapa hapohapo, juu ya jiwe, nikasubiri ikauke, nikaja nayo moja kwa moja Ipagala. Mama Eliza alivaa miwani. Kidole kikaanza msalabani, kikashuka kwenye jina lako, kikapita juu ya kilima kikubwa, kikavuka ule udongo mtupu wa katikati, kikafika kwenye kile kidogo. Kikasimama hapo. Baada yake karatasi ilikuwa imebaki, kipande cha udongo na kivuli cha mzabibu.

Hakuniambia amenisamehe, na sitakuandikia kwamba alinisamehe. Aliitundika mwenyewe kwenye msumari. Halafu akaenda kabatini, akaitoa ile nyingine, ya suti ya kahawia, akanipa. Akasema, "Hii kaa nayo wewe."

Nimeiweka kwenye begi la kiunoni, nyuma ya kitambaa cha buluu. Kesho naondoka kwenda Chemba na nimepanga vyombo upya, nimepunguza hata chaja moja. Picha hiyo ni karatasi tu, haina uzito wa kutajika, nami nimeitoa na kuirudisha mara tatu. Sina pa kuiacha.

Mzee wangu, yeyote atakayeniuliza swali lako, awe bibi wa miaka mingapi, awe ndani ya chumba kidogo kiasi gani, sitamjibu kwa maneno. Nitamgeuzia kamera aone kwa macho yake, na kama miguu haimo nitabomoa ukuta. Hiyo ndiyo ahadi niliyo nayo.

Kwaheri. Miguu imeingia. Lala mzima.

Zaina wako